Itahini Shule Kabla Haijamtahini Mtoto
Mwongozo kwa wazazi na walezi wa Kayole, Nairobi, wanaomtafutia mtoto nafasi ya PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, katika shule ya kibinafsi

Mwaka unapokaribia kuisha, mabango ya "Nafasi zipo" hujaa kutoka Junction hadi Soweto, Matopeni na Masimba. Akademi ni nyingi. Kuna zilizo kwenye ploti za mabati, na kuna zilizo ndani ya ghorofa zilizojengwa ziwe nyumba za kupanga. Zipo zinazofundisha kwa moyo wote, na zipo zinazotafuta karo tu. Mtoto wa miaka 4 hawezi kukuambia ipi ni ipi. Kazi hiyo ni yako, na inafanywa kabla hujalipa hata shilingi moja.

1. Umri unaofaa

Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, mtoto huingia PP1 akiwa na miaka 4, PP2 akiwa na miaka 5, na Gredi ya Kwanza akiwa na miaka 6. Usimharakishe kwa sababu mtoto wa jirani ameshaanza. Anayeingia mapema mno huchoka, hulia, na huanza kujiona hawezi.

2. Zuru shule siku ya masomo

Usiende Jumamosi, shule ikiwa imefagiliwa na kunyamaza. Nenda katikati ya wiki, mwendo wa saa sita mchana, watoto wakiwa na njaa na walimu wamechoka. Simama mlangoni pa darasa usikilize mwalimu anavyomwita mtoto aliyemwaga uji. Hapo utajua mtoto wako atakavyoitwa. Ukiona kiboko mezani, kumbuka kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kumuumiza mtoto, katika shule za umma na za kibinafsi.

Kisha omba kuonyeshwa choo. Je, mtoto wa miaka 4 ataweza kukitumia bila kuogopa shimo? Komeo analifikia? Mfereji ukikauka, kama unavyokauka mara nyingi mtaani kwetu, kuna mtungi wa maji uliofunikwa? Kipande cha sabuni ndani ya soksi kuukuu iliyofungwa kwenye mfereji kinaonyesha kuwa kuna mtu anayewafikiria watoto hawa.

Mwisho, litazame jengo. Septemba 2019, madarasa ya shule moja ya kibinafsi huko Ng'ando, Dagoretti, yaliporomoka asubuhi na kuua wanafunzi. Angalia nguzo, nyufa na ngazi. Uliza: moto ukitokea, watoto watatokea wapi? Kama madarasa yako juu na ngazi ni moja yenye geti la kufuli, tafuta shule nyingine.

3. Uliza, kisha uone karatasi

- Cheti cha usajili wa shule. Sheria hairuhusu mtu kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa. Shule za elimu mbadala katika mitaa duni nazo zina utaratibu wao wa kusajiliwa. Ukiwa na shaka, ulizia jina la shule katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.
- Walimu. Sheria inaitaka shule ya kibinafsi iajiri walimu waliosajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Uliza pia kama mwalimu wa PP1 amesomea kufundisha watoto wadogo.
- Idadi ya watoto darasani. Usitosheke na kuambiwa, wahesabu mwenyewe.

4. Piga hesabu ya mwaka mzima

Karo iliyo kwenye bango ni ya muhula mmoja, na mwaka una mihula mitatu. Chukua mfano wa karo ya shilingi 6,000. Chakula cha mchana cha shilingi 50 kwa siku, kwa siku 5 za wiki katika muhula wa wiki 12, ni shilingi 3,000 zaidi. Bado hujaweka ada ya usajili, sare, sweta, vitabu, gari la shule, ziara, na mahafali ya PP2 pamoja na joho lake. Omba orodha ya malipo yote kwa maandishi. Uliza kama unaweza kulipa kidogokidogo, na kila unapolipa, dai risiti.

Ukiona mzigo utakushinda kufikia muhula wa pili, fikiria shule ya umma tangu mwanzo. Shule ya umma haina ruhusa ya kumkataa mtoto kwa mtihani wa kuingilia. Ikimpima, ni kwa ajili ya kujua darasa linalomfaa tu. Tangu 2023, mpango wa kaunti wa Dishi na County umewapa wanafunzi wa shule za umma za Nairobi chakula cha mchana kwa shilingi 5. Kumpeleka huko si aibu. Mtoto anayesoma bila kurudishwa nyumbani kwa karo hujifunza zaidi.

5. Andaa stakabadhi

Beba nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako, na kitabu cha kliniki kinachoonyesha chanjo. Kama mtoto hana cheti, anza mapema. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na vituo vya Huduma Centre, kikiwemo cha Makadara, husaidia.

6. Mwandae mtoto

Mtoto asiyejua kusoma hana kasoro yoyote. Anaenda shule ili afundishwe. Miezi miwili kabla ya shule kufunguliwa, mzoeze haya:

- kutaja jina lake kamili, jina la mzazi na mahali anapokaa;
- kusema anapotaka kwenda chooni, kuvua suruali na kunawa;
- kula mwenyewe, kuvaa viatu, kungoja zamu yake;
- kuchora kwa kalamu ya rangi na kusikiliza hadithi fupi hadi mwisho.

Zungumza naye Kiswahili au lugha ya nyumbani kwa wingi. Mwenye maneno mengi katika lugha yake hupata mahali pa kushikilia Kiingereza kikija.

7. Siku ya intavyu

Shule ikimwita mtoto kwa intavyu kabla ya kumpa nafasi, mwamshe mapema, ale ashibe. Usimtishe kwa kusema, "Ukikosea utaachwa." Akijificha nyuma ya leso yako, usimvute, mwache azoee. Tazama mwalimu anafanya nini wakati huo. Anayeinama amsalimu mtoto kwa jina ameshakujibu maswali mengi. Anayemkabidhi karatasi na kuangalia saa naye amekujibu.

8. Siku ya kwanza

Tembea naye njia ya kwenda shule siku chache kabla, hasa kama mnavuka Spine Road penye bodaboda na matatu. Mwonyeshe pa kusimama na mkono wa kushika. Langoni, muage waziwazi, usimtoroke akigeuka. Mwambie nani atakuja kumchukua, kwa saa anayoielewa: "Mkimaliza kula, mama atakuwa hapa." Kisha uwe hapo kabla hawajamaliza kula.

Mtoto akiumizwa au akitishwa, popote pale, piga simu 116, nambari ya msaada wa watoto. Haitozwi pesa.