Dondoo muhimu: Kumpeleka mtoto UDOM kutoka Kigoma

Anzeni hesabu ya safari ziwani, si stendi. Wanaotoka vijiji kama Mwamgongo washuke Kibirizi siku moja kabla, maana upepo wa Tanganyika haujali ratiba ya basi.

Treni ya Reli ya Kati hupitia Tabora hadi Dodoma na inafaa kwa mizigo mingi. SGR bado haijafika Kigoma.

Kubwa kuliko yote ni ndaki, yaani koleji ya chuo aliyopangiwa mtoto. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanzishwa 2007, kimetawanyika. Ukimwambia bodaboda "nipeleke chuo" tu, huenda ukalipa nauli mara mbili. Soma jina la ndaki kwenye barua ya udahili kabla hamjapanda.

Vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa na fomu ya daktari vikae kwenye begi la mkononi pamoja na nakala. Dumu la mawese likae mbali navyo! Migebuka mikavu haina neno.

Wasindikizaji wawili wanatosha. Bibi wa Ujiji aagwe nyumbani, kwa heshima zote.

Ada hulipwa kwa namba ya malipo, si taslimu kwa anayejiita mwenyeji.