Kusafisha Picha Nyeusi na Nyeupe kwa Printa ya Wino

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mkiingia katika ukumbi wa shule yetu mtaona ukutani picha mbili za wahitimu zilizotundikwa karibu karibu. Moja ni ya mwaka 1964, nayo ni nyeusi na nyeupe, iliyosafishwa kwa dawa katika chumba cha giza. Hata leo mwaweza kuhesabu vifungo vya mashati ya wale waliomo. Ya pili haijatimiza miaka sita tangu ilipochapwa kwa printa, lakini nyuso zimekwisha kuingia ukijani, na watu wa safu ya nyuma hawatambulikani tena. Kaka yangu yumo katika safu hiyo. Mwaka huu zamu ni yetu. Walimu wamekubali kwamba picha ya Kidato cha Nne iwe nyeusi na nyeupe, ikiwa Chama cha Picha kitathibitisha ya kuwa yaweza kudumu. Basi tangu muhula wa kwanza tumekuwa tukichunguza jambo hili, nami nimepewa kazi ya kuandika yale tuliyojifunza.

Kwanza yafaa tujue kwa nini ile ya zamani imedumu. Karatasi yake ilipakwa chumvi za fedha (nasema fedha ya madini, si ya mfukoni). Mwanga ukizigusa chumvi hizo, na dawa ikamaliza kazi yake, hugeuka kuwa chembe nyeusi za fedha halisi, zilizolala ndani ya karatasi. Ndivyo walivyofanya wapiga picha wengi wa zamani, akiwamo Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930. Karatasi za namna hii zingali zatengenezwa Uingereza na kwingineko, lakini chumba cha giza cha shule yetu sasa ni stoo ya majembe, na dawa hazipatikani katika mji wetu. Hapana budi tutumie printa.

Printa ya wino hufanya kazi kwa kutupa matone. Katika kichwa chake mna matundu madogo sana, mamia au maelfu, na kila tundu hutema tone linapoamriwa. Ziko njia mbili za kulitema. Katika mashini nyingine kuna kipande kidogo kinachopashwa moto ghafla, wino ukafanya povu, na povu likalisukuma tone nje. Katika mashini nyingine kuna fuwele inayojikunja ikipitishiwa umeme, nayo huukamua wino. Tabia hiyo ya fuwele ilithibitishwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1881, wala hawakuwa na habari ya printa.

Tone moja laweza kuwa na ujazo wa pikolita 3, na pikolita ni lita moja iliyogawanywa mara trilioni. Tulikaa tukapiga hesabu. Mililita moja ya wino hutoa matone zaidi ya milioni 300, na upana wa kila tone hewani ni kama robo tu ya unene wa unywele. Mwalimu wetu wa Fizikia alituambia tuirudie hesabu hiyo mara mbili, nasi tukaipata vile vile.

Sasa sikilizeni jambo lililo gumu. Printa yenye wino mweusi peke yake haiwezi kutoa kijivu. Yaweza kuweka tone jeusi au kuacha karatasi wazi, basi. Ikitaka kijivu huyatawanya matone mbalimbali, na jicho la mtazamaji ndilo linalochanganya weusi na weupe. Mahali penye giza hila hii hufaa. Mahali peupe, kama kwenye shati au mawingu, matone huonekana moja moja, kama pilipili manga iliyonyunyizwa juu ya wali.

Kwa sababu hiyo printa za kawaida hutumia hila nyingine. Huchanganya wino wa samawati, wa zambarau-nyekundu na wa manjano ili kupata kijivu. Tena nyingi za mashini hizi, mkizilisha karatasi ya kung'aa, haziutumii wino mweusi kabisa, na hata weusi wenyewe huundwa kwa rangi hizo tatu. Kijivu cha namna hii ni kigeugeu. Tulichapa picha ya mlango wa bweni, na chini ya taa ya darasani ikaonekana sawa, lakini tulipoipeleka dirishani ikawa na wekundu. Karatasi haikubadilika. Kilichobadilika ni mwanga, na kila rangi katika zile tatu huupokea mwanga kwa namna yake.

Dawa ya tatizo hili ni kuwa na wino mweusi wa namna nyingi: mweusi kabisa, mweusi uliopunguzwa, na mwingine uliopunguzwa zaidi. Matone ya wino hafifu huwekwa katika sehemu nyeupe, nayo hayaonekani kama pilipili manga, wala hayahitaji msaada mwingi wa rangi nyingine.

Wazo hilo lina historia yake. Graham Nash, mwanamuziki mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alikuwa pia mpiga picha nyeusi na nyeupe. Alinunua mashini iitwayo Iris 3047, kwa bei ya dola 126,000, mashini ambayo ilitengenezwa ili wachapaji wa magazeti na vitabu waone mfano wa kazi yao kabla ya kuichapa kwa wingi. Yeye na mwenziwe Mac Holbert waliigeuza kazi, wakawa wanailisha karatasi nene za wachoraji, na mwaka 1991 karakana yao ya Nash Editions ikafunguliwa huko Manhattan Beach, California. Mwaka huo huo mchapaji wao mmoja, Jack Duganne, akaona kwamba watu wa majumba ya sanaa wangelidharau neno la printa, akabuni jina la Kifaransa, giclée, kutokana na neno lenye maana ya kurusha maji. Mimi naona jina hilo ni vazi la kuendea sherehe tu, kwa kuwa kitu ni kile kile. Mashini yao sasa ipo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, tangu mwaka 2005. Lakini wino wa siku zile za kwanza ulikuwa na aibu yake, maana ulipauka upesi.

Mchapaji mwingine wa Marekani, Jon Cone wa jimbo la Vermont, aliondoa wino zote za rangi katika printa, akajaza mahali pao wino za kaboni za weusi wa daraja mbalimbali. Baadaye mwaka 2005 Epson wakatoa printa zenye weusi wa namna tatu zikitumika kwa pamoja. Tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kununua mashini ya kazi hii bila kuibomoa kwanza.

Nimesema kaboni, nayo ndiyo kiini cha kudumu kwa picha. Wino ni wa aina mbili. Upo ule ambao rangi imeyeyuka katika maji kama sukari katika chai, na upo ule ambao chembe ngumu za rangi zaelea ndani yake. Rangi iliyoyeyuka hung'aa vizuri, lakini mwanga na hewa huivunja kwa urahisi. Chembe ngumu hustahimili zaidi, na chembe za kaboni hupita zote. Kaboni ni ndugu wa masizi. Nani amepata kuona masizi ya sufuria yakipauka kwa kuanikwa juani?

Ili tusitegemee maneno matupu, tulichapa picha moja kwa wino wa aina zote mbili. Ile ya wino ulioyeyuka tuliichapa hapa shuleni. Ile ya chembe tulichapiwa na mpiga picha mmoja wa mjini mwenye printa ya weusi tatu. Tukazifunika nusu kwa kadibodi, tukazibandika katika dirisha la maabara linalotazama machweo, zikakaa hapo miezi mitatu. Tulipoondoa kadibodi, ile ya kwanza ilikuwa na mstari katikati kama shati lililoanikwa likakunjwa. Ile ya pili hatukuona mpaka wowote, ingawa tuliipitisha kwa darasa zima. Miezi mitatu si miaka sitini, najua, lakini jua la dirisha lile ni kali kuliko kivuli cha ukumbi.

Sasa nije kwenye nyuso, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Ansel Adams na Fred Archer, wapiga picha wa Marekani, walipanga karibu mwaka 1940 ngazi ya madaraja kumi na moja, kutoka 0 ambayo ni weusi mtupu hadi X ambayo ni weupe wa karatasi. Kwa ngazi hiyo uso wa Mzungu juani huwekwa daraja la VI, na uso mweusi daraja la V. Lakini tazameni darasa letu lilivyo. Wako watu wa daraja la V, na wako wengi wa daraja la IV, na wakisimama chini ya mwembe hushuka hadi la III. Maana yake ni kwamba paji la uso, shavu, na kivuli cha pua, yaani vyote vinavyomfanya mtu awe yeye, vimo katika nusu ya chini ya ngazi. Na nusu hiyo ndiyo ambayo printa huitendea vibaya. Wino husambaa katika karatasi, tone linanenepa, matone yanakutana, na vivuli vya namna tano vinakuwa kiza kimoja. Mashati yatatoka safi kabisa. Wenye mashati ndio watakaopotea, wabaki meno na macho. Sikubali kwamba hivyo ndivyo tulivyo. Ni mashini ambayo haikuelekezwa.

Kuielekeza si kugumu. Tulichora katika kompyuta miraba 21, wa kwanza mweupe, wa mwisho mweusi, kila mmoja ukizidi uliotangulia kwa sehemu 5 katika 100. Tukaichapa. Katika karatasi ya kawaida ya kopi, yenye gramu 80, miraba minne ya mwisho ilikuwa mmoja kwa macho yetu. Katika karatasi nzuri ni miwili tu iliyoungana. Kisha tukainua sehemu ya giza ya picha katika kompyuta kidogo kidogo, tukachapa tena, hata kila mraba ukaachana na jirani yake. Kila karatasi yataka kipimo chake, na kipimo cha karatasi moja hakiifai nyingine.

Liko na jambo la kufanya kabla ya hapo, wakati wa kuondoa rangi. Picha ya rangi ina tabaka tatu: nyekundu, kijani na samawati. Ngozi ya hudhurungi hurudisha mwanga mwekundu zaidi, kwa hiyo tabaka nyekundu huing'arisha na kuilainisha, na tabaka ya samawati huitia giza na kuonyesha kila kipele. Wanaopenda kujichubua kwa kompyuta watataka nyekundu tupu. Sisi tumechagua nyekundu na kijani kwa pamoja, maana nyekundu peke yake iliwafanya watu wote wafanane.

Weusi nao hupimwa, na hapa logi tulizofundishwa zina kazi. Weusi mzuri wa karatasi isiyong'aa una kipimo cha kama 1.6, yaani karatasi hurudisha sehemu moja tu katika 40 ya mwanga. Karatasi ya kung'aa yaweza kufikia 2.3, yaani sehemu moja katika 200. Wengi wakisikia hivyo watachagua ya kung'aa. Mimi sichagui, kwa sababu ukutani hurudisha dirisha lote machoni pa mtazamaji. Lakini kumbukeni kwamba kuna wino mweusi wa karatasi isiyong'aa na mwingine wa karatasi ya kung'aa, na ukikosea hapo hakuna kipimo kitakachokuokoa.

Kuhusu karatasi sitasema mengi. Iliyo bora ni ya pamba, isiyo na asidi, kama ile ya kiwanda cha Hahnemühle cha Ujerumani, kilichoanza mwaka 1584, ambayo huwa na gramu 308 kwa mita mraba. Karatasi moja ya namna hii huuma mfuko wa mwanafunzi, lakini kwa picha ya darasa zima twahitaji mbili, moja ya ukumbi na moja ya maktaba. Jihadharini na karatasi nyeupe kupita kiasi. Zimetiwa dawa ya kung'arisha kama ile ya sabuni ya unga, nayo hupungua nguvu kwa miaka, karatasi ikaingia manjano.

Picha ikitoka mashinini isiguswe kwa vidole, bali iachwe ikauke siku nzima kabla ya kutiwa katika fremu. Isigusane na kioo, maana unyevu wa masika utaigandisha. Iwekwe kadibodi isiyo na asidi pembezoni ili kuwe na nafasi. Fremu itundikwe ukuta wa kusini wa ukumbi, mahali pasipofikiwa na jua la jioni. Na kabla ya kuifunga, majina yote, safu kwa safu kutoka kushoto, yaandikwe nyuma kwa penseli laini, wala si kwa kalamu, ambayo wino wake hupenya.