Mbawakawa Wanaofuata Moto: Je, Ni Sababu ya Kuchoma Shamba?

Kila msimu wa kuandaa mashamba, swali la kuchoma mabua halikosekani. Sasa limekuja na hoja mpya: "Afisa, kuna mbawakawa rafiki wa mkulima wanaokimbilia sehemu iliyoungua. Si tuchome basi waje?" Hoja nzuri, tuichambue.

Ni kweli wapo?

Wapo. Katika misitu ya baridi ya Ufini, Uswidi na Kanada yupo mbawakawa wa ardhini anayeitwa Sericoda quadripunctata. Ni mdogo, mweusi na anaruka vizuri. Hufika wakati udongo bado unafuka moshi, akazaliana pale pale. Msitu ulioungua uko wazi, jua linapasha udongo, na washindani wake wengi wameondoka. Miaka michache baadaye, mimea ikirudi, anapungua. Ndiyo maana wataalamu wa misitu wa Uswidi na Ufini huchoma vipande vya msitu kwa makusudi na kwa uangalizi, ili viumbe wanaotegemea moto wasipotee.

Mbona isifanye kazi kwangu?

Mbawakawa wa ardhini ni zaidi ya spishi 30,000 duniani. Wanaofuata moto ni wachache mno, na hao niliowataja ni wa misitu ya kaskazini, si wa shamba lako la mahindi.

Wako wewe wengi ni wawindaji wa usiku. Mchana hujificha chini ya mabua, majani na mawe. Wanakula sota, mayai ya wadudu, na viwavi wanaodondoka chini. Ukichoma, wengine wanakufa, na wanaopona wanakosa kivuli na chakula. Wakati huo nondo wa viwavijeshi vamizi anaruka kutoka mbali na kutaga kwenye mahindi yako machanga. Adui amerudi, mlinzi hayupo. Hapo gharama ya dawa inaanza kula faida.

Ufanye nini?

1. Tandaza mabua yawe matandazo.
2. Kama bungua walikusumbua, usiyaache mabua yamesimama. Yakate, yalaze juani wiki kadhaa, au walishe mifugo.
3. Acha ukanda wa nyasi pembeni ya shamba. Ndiyo nyumba ya mbawakawa.
4. Usipulizie dawa kabla ya kukagua shamba.

Jipimie mwenyewe

Chukua makopo sita. Fukia matatu kwenye eneo lenye matandazo na matatu kwenye eneo tupu, mdomo wa kopo uwe sawa na ardhi. Weka kifuniko kilichoinuliwa kidogo, mvua isiingie. Asubuhi hesabu mbawakawa, kisha waachie. Rudia siku tatu na uandike kwenye daftari. Usiwashike kwa mkono mtupu wala kuwasogeza usoni, maana baadhi hurusha maji makali yanayounguza macho.

Nikija shambani kwako na kiberiti kiko tayari, nitakuomba kwanza hilo daftari. Tuamue kwa hesabu, siyo kwa mazoea.

Kazi njema.