KUSOMA ARDHI KWA MIGUU NA KWA JEMBE

Mtu asiyejua herufi akifunua kitabu, huona madoa meusi tu. Vivyo hivyo wengi wetu twapita juu ya kilima, tusione ila majani na vumbi. Walakini ardhi nayo ina maandishi yake, na wataalamu hujifunza kuyasoma kwa kutembea na kuchimba.

Twapenda kueleza habari za Bwana Geoffrey Milne, Mwingereza, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara. Tangu Desemba 1935 hata Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akipima udongo. Udongo uliowekwa mezani hauwezi kusema kama ulitoka kileleni ama bondeni. Yapasa mtu aende mwenyewe.

Hata kabla ya safari hiyo alikuwa ameona ya kuwa udongo haukutawanyika ovyo, bali mpango ule ule hurudi kilima baada ya kilima. Katika Unyamwezi na Usukuma, juu huwa mwekundu, kwa sababu maji hushuka upesi. Kwenye mteremko ni mchanga wa kijivu. Na bondeni ni mweusi mzito, upasukao wakati wa kiangazi. Mvua huchukua chembe laini na chumvichumvi za juu, ikaziweka chini. Basi kila udongo umefungamana na jirani yake, na kwa hiyo mwaka 1935 aliuita mpango huo katena, maana yake mnyororo kwa Kilatini. Hata leo wataalamu wa nchi nyingi hulitumia neno hilo.

Wala tusidhani wenyeji hawakujua. Wasukuma walikuwa na majina yao: luseni ni mchanga, itogolo ni udongo mgumu, mbuga ni ule mweusi. Mtaalamu mwenye busara humwuliza kwanza mwenye shamba, kisha huchimba.

Elimu hii si mchezo. Apandaye mihogo katika mbuga ituamayo maji, itamwozea. Apandaye mpunga juu ya mchanga, utamkaukia. Na njaa haiulizi sababu. Tena wa juu akiacha udongo wake uchukuliwe na maji, mchanga hufunika shamba la wa chini.

Basi, ewe msomaji, kabla ya mvua kunyesha chimba mashimo matatu: juu, katikati, na chini ya shamba lako. Linganisha rangi na uzito, ndipo uchague mbegu.