Dondoo muhimu: Kupanga kasi ya RAM kwa mkono

Una kompyuta ya mezani chumbani kwako Chepkoilel, karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret? Kwanza jua ubao mama ulio nao. Mashine zilizotoka maofisini, kama Dell OptiPlex, kwa kawaida haziruhusu kugusa mipangilio ya kasi ya RAM. Ukikuta imefungwa, usihangaike. Pesa yako inunue RAM ya ziada au SSD.

Ubao ukiruhusu, bonyeza Del au F2 mashine inapowaka uingie BIOS. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 mara nyingi huwaka kwa 2133 au 2400 mpaka uiamuru. Jaribu kwanza XMP, yaani mipangilio iliyohifadhiwa tayari ndani ya RAM; inatosha watu wengi.

Ukitaka kwa mkono, fuata kibandiko cha kijiti chenyewe: kwa mfano kasi 3200, namba za kusubiri 16-18-18-38, volti 1.35. Namba ndogo ni bora, ila zisome pamoja na kasi: 16 kwenye 3200 ni nanosekunde 10, lakini 15 kwenye 2133 ni kama 14. Badilisha kitu kimoja kimoja.

Pima RAM kwa programu ya MemTest86 usiku kucha. Kosa hata moja likitokea, punguza kasi. RAM isiyotulia huharibu faili kimyakimya, na tasnifu yako ni faili.

Mashine ikikataa kuwaka, chomoa waya wa stima, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, kisha irudishe. Na usisasishe BIOS bila UPS: stima ikipotea katikati, ubao unaweza kufa.