Sisimizi na Njia Fupi

Mwaka 1989 watafiti wa Brussels waliwawekea sisimizi njia mbili za kuendea chakula: moja fupi, nyingine ndefu. Sisimizi huacha harufu wapitapo. Waliopita njia fupi walirudi mapema, harufu yake ikazidi, na wengi wakaifuata. Lakini njia fupi ilipofunguliwa baadaye, wengi waling'ang'ania ile ndefu iliyokwisha kukolea harufu.

Mwaka 1992 Marco Dorigo wa Italia alieleza katika tasnifu yake jinsi kompyuta iwezavyo kuwaiga sisimizi ili kutafuta mzunguko mfupi wa kupitia miji. Miji 10 tu ina mizunguko 181,440. Kompyuta haipimi yote. Huiongezea mifupi harufu ya kubuni, kisha kila duru hupunguza harufu yote. Kwa kupunguza huko, kosa la mwanzo haliwi sheria.