Kukaza Vishikio vya Fito za Kuvulia Katika Kayaki na Mtumbwi Mdogo

Ndugu zetu wa mwambao wa Tanganyika, wa upande wa Burundi na wa ng'ambo ya Kongo, somo la toleo hili ni la ufundi mdogo unaoweza kumalizwa kivulini kwa asubuhi moja: namna ya kukaza kishikio cha ufito wa kuvulia katika kayaki ya plastiki, au katika mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Huenda mtu akauliza polisi wana kazi gani na bolti na mpira wa baiskeli. Jibu ni kwamba kishikio kilichong'oka hakitufikii kikiwa habari ya kishikio. Hutufikia kikiwa habari ya chombo kitupu kilichookotwa upande wa pili wa ziwa, kisicho na jina wala mwenyewe, huku jamaa za mtu wakingoja ufukoni wasijue waulize serikali ipi.

Ziwa letu lina tabia zake. Nchi nne zinalishiriki, na kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 1,470. Mahali pengi, ukitoka ufukoni mwendo mfupi tu, nanga yenye kamba ya kawaida haigusi chini tena. Kwa hiyo chombo kilichoanza kuingiza maji hakiwezi kutia nanga kikangoja msaada. Hupelekwa na upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa, na mpaka uliomo majini hauonekani kwa macho. Mtu aliyeondoka kutafuta mukeke wa chakula cha jioni aweza kupambazukiwa katika nchi ya watu, amelowa, hana kitambulisho, na pengine hajui ni kijiji gani kilicho mbele yake.

Tuanze na nguvu yenyewe inayong'oa kishikio, maana hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Hudhaniwa kwamba kishikio hubeba uzito wa ufito, nao ni mwepesi. Sivyo. Ufito ni wenzo. Chukua ufito wa mita 2 na sangala anayeivuta ncha yake kwa nguvu ya kilo 5, jambo asiloliona kuwa kazi. Ikiwa bolti za mbele na za nyuma za kishikio zimeachana kwa sentimita 10, basi zile bolti zilizo mbali na samaki huvutwa kwa nguvu ya kilo 100, kwa kuwa mita 2 ni mara 20 ya sentimita 10. Ufito ukipinda hesabu hupungua kiasi, lakini haipungui hata kumfariji aliyetumia skrubu mbili fupi. Na sangala si adui mkubwa kuliko wote. Ndoana iliyonasa katika mawe, nayo miamba haikosekani katika fukwe zetu, huvuta kwa uzito wa chombo chote pamoja na wimbi linalokisukuma.

Ganda la kayaki ya plastiki lina unene wa milimita chache tu, na plastiki yenyewe ni laini. Skrubu iliyopigwa moja kwa moja katika ganda hilo hushika vizuri dukani na vizuri ufukoni. Hung'oka ziwani, tena hung'oka na kuacha tundu. Kinachofaa ni bolti inayopenya ganda hadi ndani, yenye unene wa milimita 6, na kwa ndani iwekwe sahani ya kutandaza nguvu: kipande cha bati nene la aluminiamu, au kibao cha plastiki ngumu cha kukatia mboga, kilichopita ukubwa wa kitako cha kishikio kwa vidole viwili kila upande na kuviringwa pembe zake zisikwaruze ganda. Juu ya sahani hiyo ije washa pana, kisha nati yenye pete ya plastiki ndani yake, ile isiyolegea kwa mtikisiko. Kwa maji baridi ya ziwa letu bolti iliyopakwa zinki yatosha; wa pwani ya bahari ndio wanaolazimika kununua chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu kuzuia maji, tunapenda kusema wazi: gundi na silikoni hazishiki barabara katika plastiki ya kayaki. Mtu huipaka nyingi, ikafurika pembeni, akaridhika. Baada ya jua la wiki chache hubanduka kama ganda la kitunguu. Kinachozuia maji ni mpira uliobanwa. Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwa kipimo cha kitako cha kishikio, ukiweke kati ya kitako na ganda, ukaze nati hadi uone mpira unaanza kutokeza pembeni, kisha uache. Anayeendelea kukaza kwa sababu ana nguvu za mkono hupinda ganda na kulianzishia ufa.

Kabla ya kutoboa, keti katika kayaki ikiwa nchi kavu, shika kafi, upige makasia ya hewa kwa upana wako wote, huku mwenzako akitia alama ya chaki kila mahali ambapo kafi au kiwiko kinapita. Kisha jilaze ubavuni mwa chombo kana kwamba uko majini, ujipandishe tena. Mahali kifua na mapaja yanapopita pasiwe na kishikio kabisa. Jambo hili la pili husahauliwa karibu na kila mtu, nalo ndilo tunaloliona zito kuliko yote, kwa maana kishikio kilichosimama ubavuni mwa kiti humzuia mwenye chombo kurudi ndani siku ile anapohitaji kurudi upesi, hasa karibu na mdomo wa Rusizi wenye viboko na mamba. Mahali pema ni nyuma kidogo ya kiti, na pamoja mbele panapofikiwa na mkono bila kuinama. Usikipeleke kishikio nje mno kwenye ukingo: samaki anayevuta kwa ubavu hukiinamisha chombo, bali anayevuta kwa upande wa omo hukikokota tu.

Ukisha kupata mahali, tia mkono ndani kupitia mdomo wa stoo uhakikishe kwamba vidole vinafika nyuma ya alama. Visipofika, hamisha alama. Zipo nati za mpira zinazovimba na ribiti zinazochanuka zenyewe kwa ndani, nazo zafaa kwa taa au kwa kishikio cha ufito mwepesi wa vijana. Kwa sangala hatuzikubali. Toboa kwa keekee inayozunguka polepole, uanze na tundu dogo kisha ulipanue, na utoe mabaki yote ya plastiki yaliyoanguka ndani. Matundu yote yawe juu ya mstari wa maji, na mstari huo upimwe mtu akiwa ameketi na mzigo wake umo. Kayaki tupu hukudanganya.

Kwa mtumbwi wa mbao kanuni ni ile ile. Misumari isitumike. Bolti ipite katika taruma au katika ubao mnene wa ukingo uliotiwa kipande cha mti mgumu kwa ndani, na tundu lipakwe rangi ya mafuta kabla ya bolti kuingia ili mbao isinywe maji na kuoza mahali pasipoonekana.

Sasa jaribu kazi yako. Tia mti wa urefu wa ufito katika kishikio, funga kamba kwenye ncha, na kwenye kamba ufunge ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki. Mtu aketi katika chombo, mwingine avute polepole kuelekea mbele, nyuma na ubavuni hadi kilo 7. Ukisikia mlio wowote, fungua uangalie. Mizani hiyo hiyo itumike kuiweka breki ya gurudumu la mshipi: mshipi wa kilo 20 uanze kuteleza kati ya kilo 5 na 7, ili mshipi uende kabla bolti haijaenda. Baadaye kiweke chombo katika maji ya magoti, mtu akiwa ndani, ukitikise nusu saa, kisha upapase kwa ndani penye nati. Mkono ukitoka na maji, mpira haujabanwa sawasawa.

Ufito ufungwe kwa kamba katika chombo, kamwe usifungwe kiunoni wala kifundoni mwa mkono. Kisu kiwe juu ya jaketi la uokoaji, si ndani ya mfuko uliofungwa. Ndoana ikinasa penye mawimbi, kata mshipi bila kujadiliana na nafsi yako kuhusu bei ya chambo. Nati zikazwe upya baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya kila mwezi wa jua kali. Miezi ile ambayo ziwa hufungwa ili samaki wazaliane ndiyo nafasi ya kufungua kila kitu na kubadilisha mpira.

Andikeni jina la mwenye chombo, kijiji na namba ya simu kwa rangi isiyofutika, nje na tena ndani karibu na kiti. Kitambulisho kikae katika mfuko usioingiza maji, umefungwa mwilini. Na anayeokota chombo kinachoelea bila mtu tunamwomba asingoje hadi asubuhi ndipo alete habari, wala asivue vishikio na bolti zake akidhani ni mali iliyotupwa. Akipeleke kama kilivyo katika kituo cha polisi kilicho karibu, cha upande wowote wa ziwa, na aeleze saa aliyokiona na upepo ulivyokuwa ukivuma. Tundu lililo wazi mahali palipokuwa na kishikio, pamoja na saa hiyo na upepo huo, huweza kutuonyesha ni wapi katika maji tuanze kumtafuta mtu.